Kamba Iliyolemewa na Dua

Mwana wa marehemu mjomba wangu ameniletea daftari. Alilikuta ndani ya sanduku la baba yake, limefungwa kwa kipande cha kitenge, akalipakia kwenye pikipiki hadi kwangu hapa Kasongo. "Yaya," akaniambia, kama tunavyowaita dada wakubwa, "Baba alisema hii iko yako. Sababu hakusema." Nilimpa chai, nikamwombea marehemu rehema, nikangoja aondoke ndipo nilifungue. Harufu ilinifikia kabla ya maandishi: ukungu, moshi wa jikoni, na harufu ya kamba mbichi ambayo labda haimo daftarini, imo kichwani mwangu mimi. Katikati ya kurasa nikaukuta ule mstari. Herufi chache, alama ya sawasawa katikati, na zile herufi zilizopinda mgongo ambazo utotoni nilidhani ni Kiarabu kilichoandikwa na mtu asiyejua Kiarabu. Nikalifunga. Nilikuwa nimekwisha kutawadha kwa ajili ya Alasiri, na sikutaka kusimama mbele ya Mola wangu nikiwa na hasira.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Kuna mambo tumeyasamehe, tumemshukuru Mungu kwa heri yake na kwa shari yake, na bado mtu akikugusa pale pale, unaruka.

Baba yangu alikuwa mvushaji. Mtumbwi wake ulivusha watu waliotoka pande za Wamaza na Kabambare kuja Kasongo, na waliorudi. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Kasongo, lakini haikuwa mtoni. Ilikuwa juu ya kilima, nyuma ya mianzi, kwa kuwa chini kulikuwa na mbu na mafuriko. Kutoka uani huwezi kuona ng'ambo, na sauti ya mtu aliye ng'ambo haikupanda kilima kile. Kwa hiyo babu yangu alisuka kamba nene kwa nyuzi za mimea ya porini, akaifunga kwenye gogo la ng'ambo, akaivusha juu ya maji na kuipandisha kilima hadi uani kwetu. Mwisho wake aliupitisha kwenye panda ya mti na kuufunga kopo la mafuta lenye vijiwe ndani. Msafiri akifika ng'ambo, anaishika kamba na kuipiga mara moja kwenda chini, kama mtu anayekung'uta mkeka. Nundu inaanza mkononi mwake, inakimbia juu ya kamba, inavuka mto, inapanda kilima, na kopo letu linalia. Baba anachukua kasia.

Nundu ile niliipenda kuliko mchezo wowote. Nilidhani ni kitu, ni kama mnyama mdogo anayekaa ndani ya kamba, anayetumwa na msafiri na ujumbe tumboni. Siku moja nilisimama karibu na kopo nimekunja viganja viwili ili nimkamate. Kamba ikanipiga kofi viganjani, kopo likalia, na mikononi hapakuwa na kitu. Nikamwambia Mama kwamba amenitoroka. Mama akacheka, akasema, "Huyo hakamatwi. Wanaume wakubwa wameshindwa."

Sasa, vitambaa. Kabla sijazaliwa, mwanamke mmoja aliyekuwa akimpeleka mtoto wake hospitali Kasongo alichana kipande cha nguo yake, akakifunga kwenye kamba akingoja mtumbwi, akaweka nadhiri. Mtoto akapona. Basi. Kuanzia hapo kila mpita njia mwenye shida alifunga kitambaa. Waliokwenda kuchimba dhahabu Salamabila walifunga, na wake zao waliobaki walifunga. Waislamu walifunga, Wakristo walifunga. Aliyefika upande wetu alifunga upande wetu, aliye ng'ambo alifunga ng'ambo, na wengine walimwomba Baba asimamishe mtumbwi katikati ya mto, mahali kamba inaposhuka karibu na maji, wafunge pale. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani hakupenda. "Mungu haishi mu kamba," alisema. Lakini Baba alisema kitu cha mtu ni cha mtu. Wameviacha mikononi mwake, basi ni amana.

Mimi nami nilikuwa na hesabu yangu ya kitoto. Niliona kwamba nundu ikipita, kila kitambaa kinaruka mahali pake na kutulia. Nikajiambia: nundu inaziamsha dua. Kadiri watu wanavyovuka ndivyo dua zinavyoamshwa, na dua iliyoamshwa mara nyingi hujibiwa upesi. Sikumwambia mtu. Ilikuwa siri yangu na Mungu.

Kisha Nyanya akaumia. Nyanya ni mama yake Mama, na alikaa ng'ambo, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Alikuwa akilima, jembe likamkata mguu karibu na kifundo. Akafunga majani, akaendelea kulima, kama walivyokuwa wazee wetu. Habari ilipotufikia mguu ulikuwa umevimba hadi gotini. Mama alivuka siku hiyo hiyo kwenda kumuuguza. Baada ya siku chache mpita njia mmoja akaleta ujumbe wa Mama: Alhamisi watamleta Nyanya kwenye tipoyi, machela ya mabegani, wanaume wanne watambeba, watapiga kamba, na Baba awe tayari. Daktari wa Kasongo alikuwa akifanya kazi hadi Alhamisi jioni, kisha anakwenda ziara ya vijiji na kurudi baada ya siku kadhaa.

Nilianza kufunga vitambaa siku ile ile. Nilichana gauni langu la zamani. Kila asubuhi kimoja, na siku nyingine viwili.

Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa amefika likizo kutoka Kisangani, alikokuwa akisomea fizikia. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mifukoni mwake hamkukosa karanga. Alipokuja kwetu siku mbili kabla ya Alhamisi aliitazama kamba muda mrefu, kisha akamwomba Baba amvushe. Kutoka kando ya maji tulimwona ng'ambo akiinua mkono na kuushusha. Nundu ikaja taratibu, imechoka, ikipungua kila ilipopita kitambaa. Nilisoma Fatiha kimoyomoyo, kwa kuwa mwalimu alitufundisha kupima muda kwa kusoma. Zamani kopo lilikuwa likilia kabla hujamaliza Bismillahi. Safari hii nundu ilipofika tuliposimama nilikuwa tayari kwenye aya ya nne, Maliki yaumi-ddin. Na kule juu uani, alisema mdogo wangu tuliyemwacha huko, kopo halikulia. Lilitikisika tu kama mtu anayekataa.

Mjomba alirudi, akaingia jikoni, akachukua mkaa, akauandika ule mstari ukutani.

"Shemeji, angalia," alimwambia Baba. "Hii ni ekwasyo, ni hesabu ya mawimbi. Huku inasema kila kipande cha kamba kinaongeza mbio namna gani kupanda na kushuka. Huku inasema kamba imepinda kiasi gani pale pale. Katikati iko namba moja. Kamba ikikazwa, namba inakuwa kubwa, wimbi linakimbia. Kamba ikiwa nzito, namba inakuwa ndogo, wimbi linatambaa."

"Basi mutu apige kwa nguvu," Baba alisema.

"Hapana! Hapo ndipo watu wote wanakosa. Nguvu ya mukono haimo mu hii namba. Angalia vizuri, iko wapi? Ukipiga kwa nguvu nundu inakuwa kubwa, lakini haikimbii zaidi. Na vitambaa vyenye maji vinaila njiani."

Baba aliutazama ukuta kwa adabu. Alijua kusoma Kurani yote, na barua, na maji ya mto. "Shemeji, miye naona kuku amepita mu mkaa," alisema.

Mimi nilicheka, na nilikuwa na maswali. "Mjomba, nundu ni nani? Anakaa wapi kama hakuna mtu anayepiga?"

"Hakai popote. Si kitu. Kila kipande cha kamba kinajua jirani wa kushoto na jirani wa kuume, basi. Jirani wakipanda, naye anapanda. Hakuna kinachotoka ng'ambo kuja hapa. Kinachokuja ni mutikisiko tu."

"Na dua?"

"Dua gani?"

Akaendelea bila kungoja jibu, akisahau kwamba mimi ni mtoto na Baba ni mvushaji. Akasema mstari ule ule ndio wa ngozi ya ngoma, ndio wa sauti hewani, ndio wa mwanga wa jua, ndio unaoleta radio kutoka mbali. Kwamba watu wenye akili kubwa waliutafuta, na mtu akiujua ameshika ufunguo wa nusu ya fizikia. Macho yake yalikuwa na machozi ya furaha. Kila Baba alipouliza, "Kwa nini?" yeye alisema, "Lakini ni wazi, Shemeji! Ni wazi!" na kugonga ukuta kwa mkaa. Nimewahi kufundisha wanawake wazima herufi za kwanza, namshukuru Mungu, na ninajua sasa kwamba hakuna neno linalomfunga mtu masikio kama hilo.

Mwishowe alisema wazi alichotaka: "Tukate vitambaa. Leo."

"Si vyangu," Baba akasema.

"Mama yangu anakuja Alhamisi kwa hii kamba!"

"Najua. Ni mukwe yangu. Lakini ile ya bluu ni ya mama mwenye mume Salamabila, hajarudi. Atakuja kuiuliza, nitamwambia nini? Kwamba kuku wa mkaa alisema?"

Mjomba aliondoka Jumatano kwenda Kasongo kumpangia Nyanya kitanda na kumwomba daktari amsubiri. Alipokuwa akifunga viatu alinishika bega. "Weye uko na akili. Alhamisi usikae juu. Shuka mtoni, angalia kwa macho." Nilimwitikia. Na hapa ndipo ninaporuka mpaka leo, kwa kuwa nilimwitikia na sikumwelewa. Nilimwona kama mtu asiye na imani. Alikuwa ametaka kukata dua za watu kwa sababu ya alama za ukutani.

Alhamisi mvua ilianza baada ya Alfajiri, si kubwa, ile ndogo isiyochoka. Baba alisema wanaume wanne hawatashindwa kuliza kopo; yeye atakuwa shambani nyuma ya kilima, nimkimbilie likilia. Mimi nilifunga kitambaa cha mwisho, cha kumi na moja, karibu kabisa na kopo. Kisha nikakaa chini yake, juu ya kinu kilichogeuzwa. Nilisoma kila sura niliyoijua, nikarudia. Kopo halikulia. Mara moja vijiwe vilisogea, nikasimama, nikasema ni upepo. Kushuka mtoni niliogopa: je, likilia wakati siko? Mwenye imani hukaa pale alipoambiwa na kungoja. Ndivyo nilivyofundishwa, na sikufundishwa vibaya, ila hakuna aliyenifundisha kwamba kungoja nako kuna mahali pake.

Alasiri ilikuwa imekwisha kupita nilipoona kichwa kikitokea kwenye mianzi. Kijana wa Kibangubangu, mmoja wa wabebaji wanne, maji yanamchuruzika hadi kwenye kope. Alikuwa ameogelea, ameshikilia kamba.

"Weye mutoto!" alipiga kelele. "Uko na masikio ama uko na matundu tu? Tangu asubuhi tunapiga! Wane! Kwa zamu! Mukono yangu angalia!" Akanionyesha viganja. Vilikuwa vimechunika. "Baba yako iko wapi? Ule muzee anatetemeka kule kama kifaranga, na mama yako amevua nguo yake amemufunika nayo!"

Nilitaka kumwambia kwamba sikulala. Nilitaka kumwambia kuhusu vitambaa kumi na moja. Nilichosema ni, "Kopo halikulia," na yeye akatema mate na kusema, "Kopo!"

Baba alivusha tipoyi katika mwanga wa mwisho. Walitembea bila kusimama, wakafika Kasongo asubuhi. Mjomba alikuwa mlangoni mwa hospitali, alikuwa amesimama pale tangu jana yake mchana. Daktari alikuwa amemngoja hadi jioni, kisha gari lake likaondoka. Muuguzi alisafisha, akachoma sindano, akafanya yote aliyoweza kwa upole. Daktari aliporudi, mguu wa Nyanya ulikatwa chini ya goti.

"Kama angefika Alhamisi?" Mjomba alimuuliza.

"Labda," daktari alisema. Hilo "labda" nimekaa nalo maisha yangu yote. Angesema ndiyo, ningejua la kutubia. Angesema hapana, ningelala.

Mjomba alirudi kwetu na panga. Hakusalimu. Alipanda kwenye panda ya mti na kukamata kitambaa cha kwanza, na Baba akamshika kifundo cha mkono. Sijawahi kuona wanaume wawili wanaopendana wakitazamana hivyo.

"Mama yangu ni kilema sasa, Shemeji."

"Najua. Lakini hukukabidhiwa weye. Nimekabidhiwa miye."

"Kwani Mungu anahitaji matambara?"

"Mungu hahitaji. Wenyewe wanahitaji."

Walimwita mwalimu wa chuo. Alisikiliza pande zote mbili huku akichezea tasbihi, akasema nadhiri haimo kwenye kitambaa, imo moyoni mwa mtu. Kwa hiyo kufungua kitambaa si kosa. Mjomba akainua panga. "Lakini," mwalimu akasema, "kila mtu afungue cha kwake, ili asije mtu akadhani amefunguliwa ahadi yake." Mjomba aliketi chini pale pale, akavua miwani. Wenye vitambaa walikuwa Salamabila, walikuwa Kindu, walikuwa makaburini.

Mimi nilifungua vyangu. Kumi na moja, vimevimba kwa maji, mafundo yamekaza hata nikatumia meno. Mama alifungua viwili vyake. Kisha Baba akavuka na kupiga kamba, nami nikasimama chini ya kopo na kuanza kusoma. Nilipita Maliki yaumi-ddin. Nilifika mwisho, nikasema Amina. Hakuna kitu. Niliupiga mti ule mateke, mimi mtoto wa chuo, mpaka Mama akanibeba.

Siku iliyofuata Baba alianza kubomoa nyumba. Hakumshauri mtu. Aling'oa milango, akateremsha miti ya paa, akaisimamisha chini, hatua chache kutoka kwenye maji, katikati ya mbu wote wa Mungu.

"Unahamisha nyumba sababu ya matambara?" Mjomba alimuuliza. Sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa na ugomvi tena.

"Nahamisha sababu ya mukwe yangu. Mutu akifika aite kwa mdomo wake, nitamusikia."

Mjomba akashika upande wa pili wa mti ambao Baba alikuwa akiuburuta. "Hewa nayo ni ekwasyo ile ile," alisema. "Lakini pale, Shemeji, umenishinda. Hewani hakuna atakayefunga kitambaa."

Tuliishi pale miaka yote ya utoto wangu iliyobaki. Mara mbili mafuriko yalichukua kuku na sufuria. Homa ilikuwa desturi ya nyumba. Mjomba alifundisha hesabu kwenye sekondari hadi uzeeni, na wanafunzi wake wanasema hakuwahi kusema "ni wazi" darasani. Mimi sikupelekwa shule ya mbele. Niliolewa, nikasoma dini, nikafundisha, na kila nilipomwomba anieleze tena mstari ule alianza vizuri, kisha akanitazama, akasema tutaendelea siku nyingine.

Nyanya alikaa na jamaa huko Kasongo hadi kidonda kikapona, kisha akarudi kwake upande wa pili nikiwa nimelala na homa, kwa hiyo sikumwona. Nadhani nilishukuru kuwa na homa. Ikapita karibu mwaka mzima. Asubuhi moja nilikuwa nikiosha sahani kando ya maji, na ng'ambo palikuwa na ukungu, huoni mtu. Ndipo sauti ikaja juu ya maji, ya mwanamke mzee, nyembamba, haikupungua neno hata moja:

"Ee, watu wa mtumbwi! Muambie ule baba aje bila wasiwasi! Leo hatachoka, nimepunguza muzigo!"

Wanawake waliokuwa wakifua walianguka kwa kicheko. Baba alicheka hata akakosa mahali pa kushika kasia. Mimi sahani ziliniponyoka. Niliingia majini hadi kiunoni, na gauni langu lote, nikajaza kifua.

"Nyanya, nakusikia!"

"Nani huyo?"

"Ni miye, Nyanya! Nakusikia! Nakusikia, Nyanya!"

Nilirudia, nikarudia, mtumbwi umekwisha kufika katikati ya mto na mimi bado napiga kelele, mpaka Baba akageuka na kuniambia taratibu, "Basi, mwanangu. Alishasikia."